Mwalimu Désiré Assani na Kopo Lake la Mchele (1979–2024)

Ndugu na majirani, tunayemsindikiza leo alizaliwa hapa Kisangani, komini ya Kabondo, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa Papa Moïse na Mama Pélagie, waliotoka Maniema.

Alipata diploma ya Serikali mwaka 1997, akasomea fizikia hapa hapa, kisha Ufaransa hadi udaktari, 2013. Wengi walimwambia abaki huko. Akarudi.

Pamoja na kufundisha, alitengeneza viungo vya tunneli, yaani vipande vya kuchunguzia njia za umeme. Alichukua fuwele ambayo ndani inazuia umeme lakini ngozi yake inaupitisha, akaipaka utando mwembamba mno, juu yake metali. Umeme ukivuka utando ule, unaeleza habari za ngozi ile. Désiré alitaka kujua inakuwaje fuwele ikiminywa kwa nguvu kubwa. Papa alimuuliza, “Bon, ukisha kuikamua, inatoka mafuta?” Désiré alicheka mpaka machozi.

Tarehe 9 Julai 2016 alimuoa Nicole, wakampata Grâce.

Umeme ulikatika, unyevu uliharibu. Kwa miaka minane alitengeneza vipande mia mbili na kumi na tatu. Vilivyofaa ni saba, vidogo kama punje. Alivihifadhi ndani ya kopo la mchele mkavu, visipate unyevu, akingoja zamu kwenye mashine ya kuviminya iliyoko Ufaransa.

Figo zilimuangusha mwaka 2023. Alifariki Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024. Kabla hajakata roho alimwambia Nicole, “Kopo mupatie Waziri.” Nicole alikuwa analia tu, hakumwambia mtu.

Alhamisi Waziri, mwenzake wa kazi, alikuja mbio hapa matangani. Zamu imepatikana, anasafiri Jumatatu.

“Ya Félicité, kopo ya Désiré iko wapi?” alimuuliza dada mkubwa wa marehemu.

“Nilishaiosha. Iko inakauka pale.”

Jamani! Jumatano mchele wa matanga uliisha. Dada wa marehemu, anayewasomea karatasi hii, alilikuta kopo chumbani, akachambua mchele wake vizuri, akatupa uani vijiwe vyeusi. Alivihesabu, maana alikasirika: mchele gani huu, vijiwe saba! Mvua ikanyesha usiku. Tumechekecha udongo wa ua mzima, hatukupata hata kimoja. Wali mliula ninyi mlioko hapa.

Marehemu ameacha wazazi, mjane Nicole, binti Grâce, na dada mmoja, Félicité.

Mungu amlaze pema. Désiré, mdogo wangu, mimi sijui nikuombe msamaha namna gani.