Kugeuza Kadi Mbele ya Bokilo

Benchi letu la Nyawera lilikuwa la kanisa. Paroko alipoagiza viti vya plastiki, Maman Eulalie alilichukua akaliweka penye kona, kati ya maegesho ya pikipiki na kibanda changu cha kuchapa na kutoa fotokopi. Bado lina ule ubao wa kupigia magoti. Siku hizi ubao huo unawekewa miguu, na badala ya sala zinapanda nadharia. Mwenye kahawa ni Maman Eulalie mwenyewe, termosi mbili na beseni la beignets, mandazi yetu. Kulia hukaa Kamusi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anayejua methali zote na hajui mahali pa kutumia hata moja. Kushoto hukaa Karati, mtu wa Mwenga, aliyechimba dhahabu miaka kumi na miwili akarudi na jina la utani tu. Mimi wananiita Madame Licence, kwa kuwa nilisoma chuo kikuu na bado nauza fotokopi. Jumamosi hiyo, saa tano asubuhi, katikati yao alikaa Guylain, motard wetu, ambaye pikipiki yake imempa jina la Bila Freni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amevaa koti la suti.

Saa saba alikuwa akutane na baba wa Ghislaine, msichana anayetaka kumwoa. Hawajawahi kuonana. Mzee alikuwa anateremka kutoka kijijini Miti kuja kumtazama kijana, na chakula kingeliwa kule Muhumba, kwenye ule mgahawa mpya wa nyama za Kibrazili. Pale hakuna kuagiza sahani. Wahudumu wanazunguka meza na nyama kwenye vyuma virefu, wanakukatia, wanaondoka, wanarudi na nyingine, na hawakomi mpaka uwaambie.

— Na kubaambia ni kwa karte, Guylain alisema. Iko ku meza. Verte, banaleta nyama. Rouge, banaacha. Sasa mbele ya bokilo, miye nitaweka gani?

Hapo ndipo kijiwe kilipoamka.

Bokilo ni mkwe, na kwetu kula mbele ya baba mkwe ni mtihani wa serikali. Hukatai chakula, maana umeikataa nyumba. Hushibi, maana umekuja kula na si kuoa. Wala husemi umetosheka: unaacha kipande kidogo kando ya sahani, wenyewe wanaelewa, mambo yanaendelea. Kadi ya Mbrazili inakudai utamke kwa rangi jambo ambalo babu zetu walilinyamazia vizazi na vizazi.

Kadi zenyewe nilizichapa mimi, mia moja na ishirini, upande mmoja kijani, ndiyo verte, upande wa pili nyekundu, ndiyo rouge, nikazitia plastiki. Hata Mbrazili namjua: ni Pascal wa Bagira, aliyejifunza kuchoma nyama Kampala. Niliingia kibandani, nikatoa kadi moja iliyokatwa vibaya, nikaiweka kwenye benchi.

— Verte, leta. Rouge, acha, nilisema. Hakuna kingine.

Kamusi aliniangalia kwa huruma.

— Madame Licence, masomo ilikuharibu. Kitu haiwezi kuwa mwepesi vile na bakaiweka plastiki.

Akaichukua kadi, akaigeuza mara tatu, akasafisha koo.

— Guylain, sikiliza muzee. Unaacha verte kwa nyama mbili. Ku ya tatu unaweka rouge. Wahenga walisema: mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe.

— Atanipa jembe mu resto?

— Jembe ni mufano.

— Mufano ya nini? Maman Eulalie aliuliza.

— Ya kazi. Bokilo anaona uko mutu ya kazi.

— Kwa kukatala nyama?

Kamusi alikunywa kahawa. Karati alikuwa anangoja nafasi hiyo tangu zamani.

— Usimusikilize. Weye usiguse karte hata kidogo. Kule chimboni, kama muko munapima dahabu, mwenye kugusa mizani wa kwanza njo anapoteza. Unaweka mikono ku magoti. Unangojea.

— Nangojea nani?

— Yee. Yee njo ageuze.

— Na yee akiwa ananingojea miye?

— Munangojeana.

— Na nyama?

— Nyama inakuja tu, juu karte iko verte.

— Mpaka saa ngapi?

— Mpaka mutu moja aanguke, Karati alisema kwa utulivu. Miye nilisha ngojea munada siku tatu, bila kukojoa.

— Siku tatu, Maman Eulalie alisema. Njo maana ulirudi vile.

Guylain hakucheka. Aliweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye suruali.

— Nyie munacheka. Kuko pharmacien moja anamutaka, iko na duka mbili ya dawa. Kuko na mwengine wa shirika, wa ONG, iko na jeep. Miye niko na kasque mbili ya kichwa, na moja imepasuka. Miaka mbili namupeleka ku kazi ku hopitali kila asubuhi. Anaimba kule nyuma. Tukifika ku muteremuko anaimba nguvu zaidi, juu anajua niko naogopa. Sasa nimupoteze juu ya karatasi?

Karati akasimama.

— Tufanye répétition.

Alichomoa chuma kutoka kwenye mwavuli wake mbovu, akakifuta kwenye shati, jambo lililomfanya Maman Eulalie akivute kutoka mikononi mwake na kukiosha kwa maji ya moto. Beignets sita zikachomekwa. Kamusi akakubali kuwa baba mkwe, hakubembelezwa. Karati akajitupia taulo mkononi, akaja akiinama.

— Bonjour, muheshimiwa. Hii ni ya paja.

Baba mkwe wa mfano alipokea ya kwanza. Akapokea ya pili. Alipomaliza ya tatu Guylain alikuwa bado na yake mkononi, nzima, akiikodolea kadi macho.

— Papa, karibu, alisema hatimaye.

— Hapana, Kamusi alisema na mdomo umejaa. Mwenye kualikwa hasemi karibu. Turudilie.

Walirudia. Mara hii Guylain alinyoosha kidole kwenye kadi, akakirudisha, akakinyoosha tena.

— Kijana, Kamusi akasema kwa sauti nzito, juu ya nini uko unaangalia karte na hauniangalie miye?

— Samahani, papa.

— Amekwisha, Karati alisema. Jeep imemuoa.

— Turudilie, Guylain alisema.

— Beignets zimeisha sita, Maman Eulalie alisema. Bokilo wenu atalipa?

Mazoezi yakakoma. Nadharia hazikukoma. Kamusi alikumbuka kwamba familia ya mke haiji peke yake: kwenye meza ya jirani lazima kutakuwa na shangazi aliyejificha nyuma ya miwani, akihesabu dakika za kijani. Karati akasema shangazi si kitu, hatari iko jikoni. Kidari ni cha baba. Mhudumu akikosea akamkatia kijana kidari kabla ya mzee, hiyo ni vita, na Pascal wa Bagira hajui Guylain ni nani. Inafaa apelekwe mtu akae karibu na moto. Yeye mwenyewe angejitolea.

— Kukaa karibu ya nyama, Maman Eulalie alisema. Unajitolea kweli.

— Tena, Karati aliendelea, ile karte haiko ya nyama. Fikiri. Babrazil beko na ngombe kupita batu. Batahesabia nyama juu ya nini? Ile ni karte ya ndoa. Verte, mutoto nakupatia. Rouge, rudia kwenu. Na beye bakaitoa wapi? Kwetu. Ilienda na batumwa ku mashua, ikavuka maji yote, leo inarudia na plastiki.

— Ku uwanja ya Kavumu hakuna ndege, Kamusi alisema. Itarudilia wapi?

— Ilipita ku mupaka ya Rusizi, kama kila mutu.

— Ilipita ku mashine yangu, nilisema.

Karati akaifuta kadi kwa taulo.

— Penye miti hapana wajenzi, Kamusi alihitimisha. Na bokilo ni wa Miti. Munaona vile wahenga balifikiria kila kitu.

Maman Eulalie alimjazia Guylain kikombe.

— Mutoto yangu, usisikilize hii batu. Siku bwana yangu alikuja kwetu, alikula bugali sahani mbili. Papa yangu akafurahi sana. Akasema, huyu atalima. Njo bakanipatia.

— Na alilima?

— Hapana. Alikula tu.

Saa sita na robo hivi, mzee mmoja alishuka kwenye basi dogo pale chini, akasimama kando ya mtaro akitoa tope kwenye viatu kwa jani. Alifanya kazi hiyo taratibu, kiatu cha kwanza, kiatu cha pili, kisha akakunja lile jani akalitupa vizuri kama mtu aliyeko ugenini. Alivaa kofia ya nguo na koti ambalo limekaa sandukuni tangu ubatizo wa mtu. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, Guylain pia, akaomba kahawa.

— Koko, maman, alimshukuru Maman Eulalie kwa Kishi, lugha ya kwao, na Kamusi akasogea kumpa nafasi.

Akaketi. Akaweka kofia kwenye goti. Kisha akaiona kadi, akakunja uso.

— Hata hapa beko naitumikisha?

— Unaijua, papa? Karati aliuliza.

— Siijui. Mutoto yangu alinieleza ku telefone. Ghislaine, ni muuguzi, infirmière, hapa mu mji. Leo atanionesha kijana mwenye anamutaka, tutakula kule ku Babrazil.

Kikombe cha Guylain kilisimama katikati ya safari. Kamusi alikanyaga mguu wa Karati, Karati akakanyaga wangu. Mzee hakuona kitu. Alikuwa anaitazama kadi.

— Banangu, nyie muko batu ya mji, munisaidie. Nikiweka rouge, kijana atasema namukatala. Nikiacha verte, atasema, huyu muzee kama anakula hivi, ngombe ya dot, ya mahari, itatosha kweli? Toka jana sijalala. Nimekuja mapema ili niulize batu nisiobajua, juu mutoto kumuuliza ni haya. Nifanye nini?

Kamusi alimsukuma Guylain kwa kiwiko.

Guylain akasimama. Alivuta koti, akaichukua kadi kwa mikono miwili, kama anayepokea kitu.

— Papa, njo miye Guylain.

Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kola, akarudi tena chini.

— Njo weye.

— Njo miye.

— Na hii karte?

— Nilikuwa naisoma.

— Toka saa ngapi?

— Saa tano, papa.

Mzee alifikiri. Kisha akasogea, akamfanyia nafasi upande wake.

— Ikala. Umesha ielewa?

— Hapana.

— Hata miye.

Wakakaa bega kwa bega, kadi juu ya magoti ya kijana, wote wawili wakiitazama kama tangazo la matokeo. Karati alitaka kusema jambo. Maman Eulalie akamtazama, naye akaacha.

— Lakini weye, mzee alisema baadaye, juu ya nini ulichagua pale? Miye niko mutu ya bugali na samaki ya sambaza. Hii mambo ya nyama ku chuma sijawahi.

— Sikuchagua, papa. Hata miye ni sambaza. Ghislaine aliniambia ni weye uko unapenda sana nyama ya Brazil.

— Miye? Aliniambia ni weye.

Waligeuka, wakatuangalia sisi.

— Basi, ni nani alichagua? mzee aliuliza.

Benchi zima, lililokuwa na jibu la Brazil, la utumwa na la shangazi mwenye miwani, halikuwa na jibu la hilo. Mimi nilikuwa nalo, lakini jibu langu la asubuhi lilikuwa limeshakataliwa, sikutaka kuwachosha. Maman Eulalie aliinamisha termosi ya pili. Tone moja lilitoka.

Simu ya Guylain ikalia. Kwa haraka ya kuipokea akabonyeza kipaza sauti.

— Chéri, uko wapi? Sauti ya Ghislaine ilijaa kona yote, na nyuma yake kelele za visu na sahani. Papa hajafika, na weye pia hauko. Miye niko hapa toka saa sita.

— Ghis, ile karte...

— Karte gani? Ah, ile. Niliiweka verte. Banaleta, nakula. Guylain, iko moja ya mugongo, na mafuta kidogo pembeni, haujawahi kuona kitu kama ile. Niko ku ya saba. Fanya mbio. Na usimwambie papa kama nilianza.

Msichana kula kabla ya baba yake, siku ya kuonyesha mkwe: hata Karati, ambaye hana aibu ya kitu chochote, aliinamisha kichwa. Guylain alikuwa ameshika simu kama mtu aliyeshika sahani ya moto na hana pa kuiweka. Mzee alivaa kofia yake, akaisawazisha mbele, akaisawazisha nyuma. Kisha akainamia simu.

— Ghislaine.

Kule Muhumba uma ulianguka kwenye sahani.

— Papa?

— Utuachie ya mugongo.