Miriti Anarudi Kwao

Baada ya kupika miaka ishirini na minne kwenye kantini ya kiwanda chetu cha maziwa, Mweiga, Mzee Gatobu Miriti anastaafu tarehe 18 Desemba 1998. Wafanyakazi wengine huacha pengo. Huyu anatuachia njaa.

Alipokuja kutoka Meru mwaka 1974, sisi Wakikuyu tulimwogopa kabla hajafungua mdomo, kwa kuwa tuliambiwa Wameru ni watu wa hasira na panga. Yeye naye alikuwa ameonywa kwamba Mkikuyu akikuamkia, shika mfuko. Wiki ya kwanza alifunga mfuko wa koti kwa pini. Sisi tulikula githeri yake ya mahindi na maharagwe, mawe na yote, tukisema asante.

Kila Desemba tunachangia mbuzi, na mkataji ni Miriti. Mwaka wa uchaguzi, 1992, vyama vilitugawa vipande vitatu. Wenzetu wa Kangema hawakutaka kuketi na watu wa Nyeri, Wakikuyu kwa Wakikuyu jamani! Kila kundi lilinunua mbuzi wake na kudai moto wake. Miriti akakataa katakata. Aliwachoma wote watatu kwenye moto mmoja, akachanganya nyama, kisha akatangaza kwamba anayeweza kutambua mbuzi wa chama chake kwa ladha ajitokeze.

Mathenge wa stoo akapandwa na mori. Alipayuka ati Mmeru arudi kwao, akamtuma mtu amwite meneja amfute kazi papo hapo. Miriti aliendelea kukata nyama. Alikuwa na watoto wanne katika shule za hapa, na sote tulijua hana kazi nyingine. Lakini nyama ya kuchoma haina subira. Kabura wa Kangema alichukua kipande, watu wa Nyeri wakafuata wasije wakapunjwa, na meneja alipofika alimkuta mshtaki mwenyewe akilamba vidole. Kesi ikafa. Kura kila mtu alipiga yake, ila meza hatukuzigawa tena.

Siku hizi akienda Meru huitwa Mkikuyu, maana hanunui hata ndizi bila kulilia bei. Sisi bado twamwita Mmeru, hasa sufuria ikiungua.

Mzee Miriti, asante kwa chai, kwa matusi ya Kimeru tunayoyajua kuliko sala, na kwa moto ule mmoja. Roho zinatuuma, tusifichane. Kesho unarudi kwenu, kama Mathenge alivyotaka: kwenye shamba lako hapa Mweiga, ua kwa ua na lake. Aliyekuuzia ni yeye. Kaa salama, ule ushibe. Mbuzi wa mwaka huu tunamleta huko, na Mathenge ameshapasua kuni.

Tabby Gathoni, mapokezi ya maziwa