Pelagia Manirambona, Aliyepeleka Mafunjo Kiwanja cha Ndege (1986–2025)

Dada yetu Pelagia, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Munanila tarehe 9 Aprili 1986, mtoto wa kwanza wa mzee Tharsisi Manirambona na mama Nadine. Wazazi walikuwa wamevuka kutoka Burundi wakiwa vijana, wakapata shamba, na baadaye wakawa raia.

Alisoma shule ya msingi hapo Munanila na sekondari mjini Kasulu. Mama anasema kumtuma maji ilikuwa kazi, maana alikaa kijitoni akijenga vijumba vya matope na majani mpaka aitwe. Mwaka 2010 alihitimu usanifu wa majengo Dar es Salaam, akaajiriwa hukohuko.

Mwaka 2016 alirudi nyumbani kusaidia kupanga makazi ya wakimbizi kambini Mtendeli. Mkalimani wa shirika lililomwajiri alikuwa Floribert Wilondja, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu. Alimkuta Pelagia akipanda miche mbele ya kibanda ambacho hakijaisha, akacheka: "Mulango bado, lakini muti umeisha fika!" Walifunga ndoa Kasulu tarehe 6 Oktoba 2018, na Mungu akawapa binti, Esperance.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ukumbi wa kusubiria abiria katika kiwanja cha ndege mkoani kwetu. Alisema mtu anayesubiri safari ana wasiwasi wa kutosha, asiongezewe kuta nyeupe na viti vya chuma. Nguzo alizisimamisha kama miti ya porini, dari akaipasua mwanga ushuke vipandevipande, na katikati akapitisha kijito chenye mafunjo kutoka mabonde ya Kasulu. Ukumbi ulifunguliwa Novemba 2022.

Mvua zilipokolea, tukagundua mafunjo hayakuja peke yake. Vyura waliimba mchana kutwa. Mfanyabiashara mmoja wa Manyovu hakusikia tangazo, ndege ikamwacha. Msimamizi wa ukumbi, Bwana Gharibu, akampigia Pelagia simu: "Mama, Ijumaa nafukia hicho kijito, naweka vigae. Abiria hawasikii!"

Pelagia alikwenda na ndoo, pamoja na mdogo wake Claudine, anayesoma wasifu huu. Walipiga magoti majini mbele ya abiria wakikamata vyura. Katika benchi la karibu alikaa bibi Anne-Marie, Mkongomani aliyekuwa akihama kwenda ng'ambo kwa watoto wake. Hakuwa amewahi kupanda ndege, na asubuhi hiyo aliogopa sana. Alipoona ndoo akainuka.

"Munawapeleka wapi? Ni hao tu wananituliza roho! Mukiwatoa, miye pia narudia Nyarugusu."

Gharibu alimtazama bibi, akatazama ndoo. Pelagia, nguo zikimchuruzika, akamwambia taratibu, "Kaka, spika umezifunga juu ya maji. Zihamishie juu ya viti, tuone."

Spika zikahamishwa. Tangazo la kwanza lilisikika mpaka mlangoni, bibi Anne-Marie akaitikia kwa sauti, "Nakuya!" na watu wote wakacheka. Alikwenda kwenye ndege kwa miguu yake. Pelagia alikaa chini palepale sakafuni, akajifuta uso, akasema, "Mawe, mama yangu! Nilidhani nimekwisha." Kijito hakikufukiwa.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam kwa muda mrefu, kisha Januari mwaka huu akaomba arudishwe nyumbani Kasulu. Hakuogopa kufa. Aliogopa maumivu, na alituambia hivyo bila kuficha. Tunamshukuru nesi Adija, aliyekuja kila siku na kutufundisha namna ya kumpa dawa kabla uchungu haujamfikia. Wiki zake za mwisho alikula, alisuka nywele za Esperance, aligombana na Floribert kuhusu chumvi.

Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, asubuhi, alikunywa uji nusu kikombe. Akamwambia mama, "Leo hakuna panapouma." Akalala, na usingizini akatutoka.

Ameacha mume, binti mmoja, wazazi wote wawili na mdogo wake Claudine.

Tulikuwa tumeomba jambo moja tu, asiteseke, nasi tumepewa. Pelagia amepumzika, na sisi tumeshusha pumzi. Bwana amlaze mahali pa utulivu.