Marehemu Alifika Kabla Yetu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na limeegemea ukuta wa duka langu la kutoa nakala na kuchapa barua. Sikulialika. Nilipofungua duka nililikuta, na wenyewe wakanitazama kana kwamba mimi ndiye mvamizi. Mbele yake kuna jiko la Shangazi, ambaye hapa si shangazi wa mtu yeyote ila ndiye muuza kahawa. Kulia ni uwanja wa Jeki, fundi wa matairi. Wa kudumu wengine ni wawili. Yupo Sasisha, fundi simu, ambaye kwake hata homa inatibika kwa kuzima na kuwasha. Na yupo Hansadi, tarishi mstaafu anayedai kukumbuka kila neno lililowahi kusemwa, hasa yale ambayo hayakusemwa. Siku hiyo mgonjwa wetu alikuwa Taratibu, dereva wa gari la maiti. Gari lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, jeupe, limeoshwa, halina mtu. Alasiri alitakiwa akajieleze nyumbani kwa marehemu aliyempeleka makaburini Jumamosi.

— Sikuzidi hamsini, alisema. Macho yangu hayakubanduka kwenye mita tangu tulipotoka hadi tulipofika.

— Hamsini ya wapi hiyo, mwanangu? Shangazi alipuliza makaa bila kumtazama. Mimi nilikuwa ndani ya kibasi, bega kwa bega na mjane. Pale uani tulikubaliana wote: hamsini, asizidi mtu, maana kibasi chenyewe kinakohoa. Dereva wetu akaishika hamsini yake kama mtoto na titi. Baada ya muda tunaona vumbi lako. Baadaye hata vumbi hatulioni.

— Labda mlikuwa mnajivuta.

— Magari saba yajivute kwa pamoja? Tulifanya mazoezi?

— Mngenipigia honi.

— Tulipiga. Tukawasha na taa.

— Vioo vilikuwa juu, Shangazi. Ninapombeba mtu nataka kuwe kimya.

Hapo hakuna aliyebisha, kwa sababu ni kweli. Hilo jina la Taratibu hakulipata kwa bahati nasibu. Ni mtu anayesimamisha gari tupu ili kuku avuke. Lakini Jumamosi ile msafara ulipofika makaburini, marehemu alikuwa ameshafika zamani, yuko juani na dereva wake tu. Kiti cha mbele walikuwa wamempa mdogo wa marehemu amsindikize kaka yake. Dakika ya mwisho yeye akahamia kwenye gari lenye kiyoyozi. Mjane, ambaye alimuahidi mumewe kitandani kwamba hatamwacha aende popote peke yake, alishuka kwenye kibasi akamkuta Taratibu anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa.

Familia ikasema marehemu amekimbizwa kama gunia la mkaa. Tajiri mwenye gari akasema kwa ufupi: wakikusamehe, endelea na kazi, wasipokusamehe, niletee funguo.

— Usivunjike moyo, ndugu yangu, Hansadi alimpigapiga goti. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Nyama gani, Hansadi? Mimi nabeba maiti!

— Namaanisha subira.

— Basi sema subira.

Hansadi hakuyumba. Alisogeza kikombe, akakohoa kikohozi chake cha kutoa hoja.

— Mimi nitawaambia. Haraka haikuwa ya dereva. Haraka ilikuwa ya marehemu. Yule bwana namjua miaka mingi. Mkutano wa saa nne yeye yuko pale saa tatu, amekalia kiti cha mbele. Mtu wa namna hiyo utamchelewesha kaburini?

— Kwa hiyo alikuwa anakanyaga mafuta yeye? Shangazi aliuliza.

— Sikusema anakanyaga. Nasema aliathiri.

— Hapana, hapana, Sasisha aliingilia. Mzee, acha mizimu, tuongee teknolojia. Hili gari kabla ya kununuliwa na tajiri lilikuwa nini?

— Ambulensi, alijibu Taratibu.

— Mnaona? Lina kompyuta. Kompyuta ina kumbukumbu. Limezoea miaka yote kwamba mtu akilala nyuma, ni kukimbia. Likihisi uzito wa mtu aliyelala, linajua ni dharura.

— Halijui kuwa amekufa? alidakia Shangazi.

— Nani amelisasisha?

Taratibu akainamisha kichwa. Nadhani hoja hiyo ilimgusa kuliko zote, kwa sababu ndipo alipotoa siri aliyokuwa ameikalia.

— Kuna jambo lingine. Nilikuwa naona aibu kulisema. Makaburi yamesogea.

Shangazi aliacha kupuliza, makaa yakatulia.

— Yamesogea vipi? nikamuuliza kutoka dirishani. Nilikuwa nimeapa nisiingilie.

— Njia ni ile ile, dada, lakini kilomita zimepungua. Zamani kutoka hospitali hadi makaburini gari lilikuwa linahesabu sitini na kitu. Sasa hivi halifikishi hamsini na tano. Nimepima safari tatu. Ni kama yanatusogelea.

— Mji unakua, alisema Hansadi kwa utulivu mkubwa. Mji ukikua, makaburi nayo hukua, na vinavyokua hukutana. Milima haikutani, binadamu hukutana.

— Yaani tukisubiri, yatafika hapa benchini? Shangazi aliuliza.

— Kwa hesabu yangu, ndani ya miaka ishirini.

— Itatupunguzia nauli.

Shangazi alikuwa anacheka, kisha akaacha, akageuka kulia.

— Jeki. Umekunywa kahawa mbili na hujabishana na mtu. Unaumwa?

Jeki alikuwa anachunguza kucha zake, zilizojaa grisi kama siku zote.

— Matairi, alisema.

— Matairi yamefanya nini?

— Mwezi uliopita tajiri alinijia. Ile barabara ya makaburini ina mashimo, gari lilikuwa linasugua tumbo chini. Akataka matairi makubwa. Nikamtafutia, yakaenea vizuri, gari likapanda juu, likapendeza. Lakini nikamwambia: bosi, ukibadilisha saizi ya gurudumu, kompyuta ya gari lazima iambiwe. Kuna mashine, inachomekwa pale chini ya usukani, unaingiza saizi mpya. Mwenye mashine alikuwa amesafiri. Tajiri akaniambia, "Fundi, abiria wangu hawasomi mita." Tukacheka. Nikakaza nati.

— Na mimi ninayesoma mita? Taratibu alisimama. Mimi hamkuniona?

— Ulikuwa umekwenda kula.

— Sasa isipoambiwa, kunatokea nini? Shangazi aliuliza.

— Gari halijui mwendo, mama. Linahesabu mizunguko ya gurudumu tu, kisha linapiga hesabu kwa saizi liliyoambiwa kiwandani. Chukua Hansadi na Sasisha, waambie kila mmoja atembee hatua mia. Sasisha ana miguu mirefu, atafika mbali. Lakini ukiliuliza gari, litakuambia wote wamefika pale pale, kwa sababu lenyewe limehesabu hatua mia na linadhani miguu ni ya Hansadi.

— Mtembezi hula miguu yake, alisema Hansadi, akiitazama miguu yake.

— Nyamaza kidogo, mzee, alisema Shangazi. Kwa hiyo likionyesha hamsini...

— Unakwenda zaidi ya hamsini. Na kilomita zinahesabiwa pungufu.

— Na gia! Taratibu alipiga paja. Tangu mwezi uliopita gia zinachelewa kubadilika, nikadhani mafuta yamechoka.

— Ni hiyo hiyo. Kompyuta inadhani unakwenda polepole, inangoja.

Sasisha, ambaye nadharia yake ya ambulensi ilikuwa inakata roho, aliona mwanya. Simu, alisema, inapima mwendo kwa setilaiti na haina haja ya magurudumu. Yeye na Taratibu wakaingia garini, wakaenda hadi barabara kuu, wakarudi. Taratibu alishuka akiwa mtu mwingine.

— Mita inasema hamsini, simu inasema hamsini na nane! Mmesikia? Hamsini na nane! Sikukimbia mimi!

Ikawa sherehe. Shangazi akammiminia kikombe cha bure, jambo nisilolishuhudia tangu nifungue duka. Jeki, kwa kutaka kujisafisha, akasema mwenye mashine amerudi jana, anaweza kuja sasa hivi. Ni kuinama tu chini ya usukani, kuchomeka, kuingiza saizi, kazi kwisha.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Hansadi, na ikabidi tumtazame kwa heshima, kwa kuwa ilikuwa methali yake ya kwanza mwaka huo kuangukia mahali pake.

— Asiguse mtu! Taratibu alikinga mlango wa gari kwa mikono miwili. Likirekebishwa sasa, wazee nitawaonyesha nini? Nalipeleka lilivyo. Nampakia mkubwa wa familia, nampa simu aishike, aone mwenyewe. Halafu ndiyo lirekebishwe.

— Hapo umesema, Sasisha alikubali. Nakuja na wewe, nikaeleze mambo ya setilaiti.

— Na mimi mambo ya hatua, alisema Jeki.

— Na mimi nitafungua kikao, alisema Hansadi.

Walikuwa wanapanga nani akae kiti gani, ndipo mjane akatokea pembeni ya ukuta. Hakuwafuata wao. Alikuja kwangu kutoa nakala za vitambulisho vya mumewe, kwa sababu mtu akifa ofisi zote huanza kumtaka. Alikuwa na bahasha na khanga mbili, moja kiunoni, moja mabegani.

Shangazi alimpisha kwenye kigoda chake. Taratibu akavua kofia. Na kama nilivyohofia, wote wakaanza kueleza kwa pamoja: gurudumu, kiwandani, hatua za Hansadi, setilaiti, tajiri alivyocheka. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa ninalisha karatasi kwenye mashine taratibu kuliko inavyohitajika.

— Kwa hiyo hukukimbia, alisema.

— Sikukimbia, mama. Haki ya Mungu. Mita ilinidanganya. Sikuiondolea macho hata mara moja.

— Nimekuamini.

Wanaume wote wanne wakashusha pumzi. Jeki hata alitabasamu.

— Nataka kuuliza kitu kimoja tu, baba, kabla hujaja alasiri. Lile gari lina vioo vya pembeni?

— Vipo, mama. Viwili.

Akamgeukia Jeki.

— Na vyenyewe vilitakiwa kuingizwa saizi mpya?

— Hapana, mama, alisema Jeki. Kioo ni kioo.

— Basi alipotazama nyuma, alituona tuko wapi?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Sasisha aliitazama simu yake. Jeki alirudi kwenye kucha. Taratibu akageuka kulitazama gari lake ng'ambo ya barabara. Vile vioo viwili vilikuwa vimesimama masikioni mwa gari, vinametameta. Alikuwa amevisugua asubuhi hiyo hiyo.

Nikampa mjane nakala zake. Akaziingiza kwenye bahasha, akamshukuru Shangazi kwa kigoda, akaondoka kwa miguu.

Taratibu akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Akamrushia Jeki funguo.

— Mwite mwenye mashine, alisema. Lirekebishwe.

— Na ushahidi?

Taratibu alikuwa ameshavuka barabara, anamfuata mjane nyuma, kofia mkononi, na kila mjane alipopunguza mwendo, naye alipunguza.

Hansadi akakohoa kile kikohozi chake.

— Wahenga walisema...

— Hawakusema, alijibu Shangazi. Lete kikombe.