Gideoni Mhema na Kikombe cha Nyuma ya Mianzi

Gideoni Mhema, ambaye leo tunamlaza katika udongo wa Njombe, alizaliwa Mdandu tarehe 14 Machi 1910, siku ya mvua iliyosomba mbuzi watatu na mlango wa nyumba. Waliokuwepo wanaapa kwamba hakulia papo hapo. Alinusa kwanza, ndipo akalia. Baba yake alikuwa Hezekia Mhema, mkulima wa ulezi.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1922 hadi 1925. Alijua kusoma, na sauti yake ya besi ilitikisa vioo vya dirisha.

Mwaka 1928 aliajiriwa jikoni, katika nyumba ya wageni ya Wazungu huko Makambako. Alianza kwa kusugua sufuria, akaishia kuwa mpishi mkuu. Huko alijifunza kinywaji kilichowafanya wasafiri wasahau safari. Alitwanga kahawa, akaichemsha na sukari mpaka ikavutika kama asali, akaiacha ipoe, kisha akatia brandi. Mwisho alimimina malai, ule utando mzito wa maziwa, polepole juu ya mgongo wa kijiko, ukaelea mweupe juu ya weusi.

Tarehe 3 Oktoba 1931 alimwoa Jeni, binti wa Bibi Hulda, kiongozi wa akina mama kanisani. Kwa desturi yetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na Gideoni aliishika desturi hiyo kuliko wote.

Mwaka 1949 aliacha kazi, akarudi Njombe na chupa mbili za brandi alizozawadiwa, wakati pombe ya Wazungu ilikuwa marufuku kwa Mwafrika. Jeni mpaka leo haelewi chupa mbili zilidumuje muda wote ule. Kila Jumamosi mchana, mumewe alifunga mlango wa jiko.

“Baba Ema, unapika nini?”

“Kahawa.”

“Kahawa gani ya kufungiwa mlango?”

“Yenye aibu.”

Kisha alitoka na kikombe kilichofunikwa kisahani, akapotelea nyuma ya mianzi, akarudi mikono mitupu huku akipiga mluzi. Jeni alinusa kijiko, akakuta harufu ya pombe. Akawapitisha kichwani wajane wote wa kijiji. Alipowamaliza, akaanza na walioolewa.

Hatimaye akaenda kwa Mzee Sila wa kanisa. Wazee wakaja, wakanusa kikombe kwa zamu.

“Huu ni ulanzi, pombe yetu ya mianzi,” akasema Mzee Sila.

Gideoni akacheka. Akaomba ulanzi kwa jirani, akaumimina kwenye malai mbele yao. Malai yakakatika vipande vipande kwa uchachu wake.

“Mnaona, wazee wangu? Ulanzi na malai havikai chungu kimoja.”

“Tumeona. Sasa tuambie, hiki ambacho hakikukatika kina nini? Na unampelekea nani?”

Mpishi akaweka kijiko chini. La brandi alikiri. La pili hakujibu, wakamtenga na Meza ya Bwana. Aliyetengwa akifa, kengele hailii na mchungaji hamsindikizi. Jeni alitaka mumewe akaripiwe tu. Hakutaka azikwe hivyo.

Jumamosi iliyofuata akatangulia kujificha kwenye mianzi. Gideoni akaja, akakohoa, akaweka kikombe juu ya jiwe, akageuka bila kuangalia nyuma. Mkono wa kizee ukakichukua.

“Mama! Ni wewe?”

“Ulidhani nani?”

“Nilidhani mwanamke.”

“Kwani mimi ni nini?”

Bibi Hulda akaeleza. Kifua chake kilipombana, mkwe hakuweza kuingia kwake kumjulia hali, akamwachia kikombe kwenye jiwe lile. Kifua kilipona. Vikombe vikaendelea.

“Basi sema kanisani, mama.”

“Wanivue uongozi?”

“Mume wangu azikwe kama mbwa?”

Kwa muda mrefu mama na binti walisalimiana huku wakiviziana. Jeni aliamini mama yake angenyamaza mpaka kaburini. Pasaka ya mwaka 1951, Bibi Hulda akasimama katikati ya ibada.

“Kikombe kilikuwa changu. Mkwe wangu alikataa kunitaja.”

“Ulikunywa mara ngapi?” akauliza Mzee Sila.

“Kila kilipokuwepo.”

Alivuliwa uongozi, akatengwa mpaka Krismasi. Gideoni alirudishwa Mezani siku hiyohiyo.

Januari mwaka huu wa 1956 alianza kuugua ini. Alitibiwa hospitali ya misheni, akapokea Meza ya Bwana akiwa na akili timamu, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Julai.

Ameacha mjane, Jeni, watoto watatu, Ema, Danieli na Mika, wajukuu wanne, na mama mkwe, Bibi Hulda. Jana, kabla jeneza halijafungwa, wazee walimruhusu mama huyo kuingia. Aliinama, akamtazama kwa muda mrefu.

“Kumbe alikuwa na sura nzuri hivi,” akasema, “na Jeni hakuniambia.”

Kengele imelia. Bwana ampe Gideoni usingizi mtulivu.