Kopo la Lucian

Mwaka ule unga ulikuwa wa foleni. Ndani ya basi la kutoka Mzenga, mama mmoja alikuwa amepakata kopo la samli, na bibi aliyeketi pembeni yake alikuwa ameshalitupia jicho.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Kitafunwa cha Lucian wangu, bibi. Anasoma bweni Kibaha. Ni korosho, nazi ya kukaanga, embe kavu na asali. Nafaka sikuwa nayo hata chembe. Ila chokoleti niliyopewa na masista niliitia vikiwa bado vya moto, ikayeyuka, na vilipopoa vyote vikashikana. Sasa ni jiwe!"

Bibi akaligonga kopo kwa ukucha. "Afadhali jiwe. Vingekuwa punjepunje wenzake wangechota viganja, yeye akabaki na kopo. Mwambie alifiche."

"Sikumlea awe mchoyo, bibi."

"Basi umemlea alale na njaa."

Mimi, niliyeketi kiti cha nyuma yao na ambaye sikuwa nimekunywa chai, niliunga mkono upande wowote ambao ungefungua kopo.

Basi likasimama Kibaha. Mama akanyanyuka, bado amenuna. Bibi akafungua fundo la khanga yake, akammiminia mkononi korosho zote alizokuwa nazo.

"Hizi awape wenzake," alisema. "Jiwe alifiche."