Maboga ya Nyuma ya Misheni

Bakili alikuwa amepiga magoti, viganja vimekingwa, machozi yanamchuruzika hadi kwenye ndevu, kisomo cha marehemu kimefika katikati, ndipo Kunegunda, mpishi wa misheni, alipotokea na jembe begani. Mama wa watu alisimama kwa adabu akangoja mpaka Bakili alipotua kuvuta pumzi. Kisha akasema taratibu, "Baba, uniwie radhi. Hilo ni tuta langu la viazi." Bruda Mdachi, mtawa wa Kijerumani aliyekuwa fundi wa kanisa, alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ameshika kamba ya kupimia, na ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, neno viazi alilijua. Bakili alijipangusa magoti, akamwamkia kila mtu mara mbili, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka shughuli. Alipofika kwenye gogo lililo mbele ya kibanda cha kahawa cha Nassoro, chini ya boma la Songea, habari ilikuwa imeshafika kabla yake, imekaa, na imeshamiminiwa kikombe.

— Safari! — aliita Kassimu, ambaye kijiweni walimwita Bombomu kwa sababu maneno yake yalitoka kama ule mzinga wa Wadachi, mfululizo na bila kuchagua wa kumpata. — Karibu, mlongo wangu. Viazi viliitikia amina?

— Viliitikia, — alisema Bakili. — Kimoja kiliuliza na pilau iko wapi.

Wakacheka, naye akacheka kuwashinda. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake. Alikuwa amebeba mizigo ya matajiri kutoka Kilwa hadi Nyasa, akapotea katika kila njia aliyopita, na kila alipopotea alirudi na kichekesho; ndiyo maana walimwita Safari. Mara hii kichekesho kilitoka, lakini hakikumpunguzia kitu.

Maana jambo lenyewe lilijulikana. Misheni iliyochomwa vitani ilikuwa imeinuka tena, na sasa kanisa lilitakiwa lirefuke hadi kwenye uwanja wa nyuma. Uwanja huo ndiko mtaa mzima ulikozika wakati wa njaa. Bruda alikuwa ametangaza: mwenye maiti wake aje amwonyeshe kaburi, apewe nafasi amhamishe, atakayekuwa hajaonyeshwa kufikia kesho atabaki chini ya sakafu. Ila makaburi hayakuonekana. Siku zile askari wakiona udongo mbichi waliuliza nani amekufa, alikunywa maji ya dawa kwa nani, na ndugu zake wamejificha wapi. Kwa hiyo watu walizika, wakasawazisha, wakafagia kwa matawi, wakapanda maboga juu. Askari walipita wakaona shamba. Zabibu, mke wa Bakili, aliyekuwa haachi swala hata akiwa na homa, alikuwa mle ndani mahali fulani, na altare ilikuwa inamjia.

— Mimi naulizia jambo moja, — alisema Nassoro, akimimina. Kahawa yake siku hizo ilikuwa mahindi yaliyoungua zaidi kuliko buni, lakini ilikuwa moto. — Watu wamekwisha. Kanisa refu hivyo la nini, yakhe? Atakaa nani?

— Wewe unadhani ni kanisa? — Bombomu alishusha kikombe. — Lile ni boma la pili. Mnara ule si wa kengele. Watapandisha mzinga pale juu, padri anasali, askari analenga.

— Na Bartolomeo anavuta kamba, — alisema Nassoro.

Bartolomeo, mtu wa kubeba matofali pale misheni, alikaa mwisho wa gogo akichokonoa matope mikononi.

— Si hilo tu, — Bombomu aliendelea. — Nimesikia wanachimba njia ya chini kwa chini hadi kwao Ulaya. Siku tukiinuka tena, hawatahitaji meli. Wataibukia hapa, mmoja mmoja, kama kumbikumbi.

— Njia hiyo ikipita Kilwa waniambie, — alisema Bakili. — Mimi ile ya juu imenishinda.

— Cheka tu. Na kwa nini wanaitaka ardhi yenye watu? Ukuta uliokaa juu ya mtu haupati ufa. Mzungu anajua. Wale wetu ndio mawe yake.

Nassoro alikohoa.

— Tuseme la maana. Safari, jikumbushe. Ulimzika upande gani?

— Upande wa kichuguu.

— Kichuguu wamekipondaponda wamefyatulia matofali.

— Basi mkabala na njia ya kisimani.

— Kisima kimehamishwa.

— Najua kimehamishwa, Nassoro! Kwani sijui? — Bakili alishangaa sauti yake mwenyewe, akaipunguza. — Nilimzika kwa mikono hii. Nilifagia vizuri. Nilirudi nyuma nikatazama, nikajisifu kwamba hata mimi mwenyewe nisingepajua.

— Iko njia, — alisema Bombomu. — Maboga! Boga lililoota juu ya mtu lazima lilizidi mengine. Tukumbuke makubwa yalikuwa wapi, tupime kutoka hapo. Pale kwenye kona kulikuwa na moja, mtu mzima halikumbati! Mnalikumbuka? Lile lenye mistari, tuliligawana sisi na wale wa...

Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Bombomu alinyamaza katikati ya neno.

Maana njaa ilikuwa njaa. Hakuna aliyeacha boga shambani mwaka ule. Bakili alitazama kahawa yake. Alikumbuka kwamba lilikuwa tamu, na kwamba alikuwa ameomba kipande kingine.

Wakati huo ndipo mwanamke mmoja alipokuja akitokea njia ya Tunduru, kitambaa cheupe kimefungwa kichwani, miguu imekuwa ya rangi ya vumbi hadi magotini. Aliangalia nyuso, akakomea kwenye uso wa Bakili.

— Shikamoo, shemeji.

— Marahaba... Mwanne? — Bakili alisimama haraka, kahawa ikamwagikia kanzu. Alikuwa ni mdogo wake Zabibu. Mara ya mwisho alikuwa binti, sasa amekuja mtu mzima. — Wewe! Umekuja na nani?

— Na miguu. Njia haikuwa na watu wa kufuatana nao. Nyumbani nimebaki mimi tu, shemeji, kwa hiyo nikasema nije nimsomee dada. — Alijishika kiuno, akapumua. — Nipeleke kwanza, maji nitakunywa baadaye. Amelala wapi?

Bakili aliangalia uwanja wa nyuma ya misheni, vigingi vya bruda vimesimama safu, kamba imevutwa kutoka hiki hadi kile.

— Ni pale, — alisema. — Ndani ya zile kamba, Mzungu anaporefusha kanisa.

— Wapi ndani ya kamba?

Nassoro alianza kufuta vikombe vilivyokuwa vimeshafutwa. Bombomu alitazama vidole vya miguu yake.

— Shemeji, nimekuuliza.

— Sipajui, Mwanne.

Mwanne aligeuka akauangalia uwanja kama mama anayetazama mahali pa kuanzia kulima.

— Si neno, — alisema. — Hamjui yupi yuko wapi. Lakini mnajua wote wako pale. Mbona hamuendi mkamwambia huyo Mzungu kwamba pale pote pana watu, akajenge pengine?

Bakili aligeukia kijiwe kutafuta msaada. Mwisho wa gogo Bartolomeo aliacha matope yake, akainua kichwa.

— Tulikwenda, dada, — alisema. — Alisema tumwonyeshe kiwanja kisicho na maiti, atajenga hapo. Wewe umetembea kutoka Tunduru. Umekiona?